Naomba ushauri: nikae wapi kuwinda kulungu kwenye msitu wa umma, Ohio?

Habari zenu wakuu, hasa mnaowinda huku Marekani. Niko Columbus, mafunzo ya uwindaji nimemaliza, leseni na kibali cha kulungu ninavyo. Nazungumzia hawa wenye mkia mweupe, si kulungu wa kwetu. Rafiki mwenye shamba sina, kwa hiyo nategemea msitu wa umma uitwao Wayne National Forest, upande wa mji wa Athens, hapa hapa Ohio.

Msimu uliopita nilikaa na upinde asubuhi nne, dakika kumi tu kutoka maegesho. Nilichoona ni kindi na wawindaji wenzangu. Wikendi iliyopita nikaingia ndani zaidi, karibu saa nzima kwa mguu. Juu ya mgongo wa kilima kuna mialoni, mbegu zimetapakaa chini, nyingine zimepasuliwa, na mavi mabichi bado yanang'aa. Chini yake ni eneo lililokatwa miti zamani, sasa kichaka kizito cha miiba. Ukingoni nimekuta miti miwili michanga imechubuliwa gome kwa pembe, utomvu haujakauka. Tatizo ni upepo: asubuhi zote mbili ulinitoka mgongoni ukapeleka harufu yangu kichakani, ambako nadhani ndiko kulungu wanakolala.

Sasa, nikae kwenye mialoni jioni tu, au nizunguke mbali nitokee upande wa pili wa kichaka kabla hakujapambazuka? Na je, niendelee kwenda kukagua kila wikendi, au nitawashtua wahame kabisa?