Kurenda DVD ya harusi kunakula usiku mzima: nipunguze wapi bila kuharibu picha?

Kamera_Tanga:
Wakuu, habari za kazi. Nina video ya harusi ya dakika 140, 1080p fremu 25, kamera mbili, zote H.264 (namna ya kubana video). Nakala ya flashi mteja ameshapata, sasa anataka DVD kwa ajili ya wazee wenye deki zao nyumbani. Mashine ni laptopu ya i5 yenye kori 4, RAM 8 GB, na mafaili yote yako kwenye diski ya nje ya USB.

Natoa moja kwa moja toka taimulaini kwenda MPEG-2 (umbizo la DVD), raundi mbili (ya kwanza kupima, ya pili kubana), bitireti ya wastani 6000, kilele 9000 (kilobiti kwa sekunde), na kichujio cha kuondoa chenga (nlmeans) kwa sababu taa za ukumbini zilikuwa hafifu. Inaenda usiku kucha. Asubuhi faili linazidi diski, na programu ya menyu nayo inaanza kurenda upya. Nikiweka raundi moja inakimbia, ila watu wakianza kucheza chini ya taa za disko picha inakatika visanduku visanduku. Je, ninunue kadi ya NVIDIA? Nawasilisha.

mzee_wa_kodeki:
Mkuu, hela ya kadi iweke kwanza. Enkoda (kinachobana video) iliyomo kwenye kadi za NVIDIA inatoa H.264, HEVC, na kwa kadi mpya AV1. MPEG-2 haimo. Kadi itakusaidia kufungua H.264 na kwenye madoido ya taimulaini tu. Chenye MPEG-2 ni Quick Sync ya Intel (mpeg2_qsv kwenye ffmpeg, programu ya bure ya kugeuza video kwa amri), na huenda i5 yako inayo tayari, lakini haina raundi mbili. Bitireti ikiwa juu inapita. Ikishuka huko kwenye 4000, visanduku vyako vitarudi.

Halafu MPEG-2 ya 720x576 ni kazi nyepesi kwa prosesa yoyote ya leo. Muda wako unaliwa kabla picha haijafika kwenye enkoda: kufungua H.264, rangi, chenga, kupunguza saizi. Na ukichagua raundi mbili toka taimulaini, hayo yote yanafanyika mara mbili. Usikisie, pima. Toa dakika mbili za kipande cha ukumbini, kisha:

`ffmpeg -i kipande.mov -an -f null -`

Hapo inasoma tu. Angalia neno speed= mwishoni (1x ni sawa na muda halisi wa video). Rudia ukiongeza `-vf scale=720:576`, halafu ongeza nlmeans. Pale speed inapoanguka ndipo ugonjwa ulipo. Fungua na Task Manager pembeni: prosesa ikiganda kwenye 25% au pungufu kwa mashine ya kori 4, kuna hatua moja inayotumia kori moja huku nyingine zimekaa. Diski ikiwa 100% na prosesa inapumua, tatizo ni USB, hasa kama unasoma na kuandika kwenye diski hiyo hiyo.

Kamera_Tanga:
Shukrani mkuu. Nimepima. Kusoma tu: 4x. Na scale: 3.4x. Nikiweka nlmeans mbele ya scale: 0.2x. Prosesa iko juu muda wote, diski imetulia.

mzee_wa_kodeki:
Basi umeshampata mwizi. Umeweka kichujio cha chenga mbele ya scale (hatua ya kupunguza saizi), yaani unasafisha picha ya 1920x1080, kisha unatupa sehemu kubwa ya ulichosafisha. Fremu ya 1080 ina pikseli 2,073,600. Ya DVD ina 414,720. Ni mara tano kamili. Kichujio kikae BAADA ya scale. Tena kupunguza saizi kwenyewe kunachanganya pikseli za jirani, kwa hiyo chenga nyingi zinakufa zenyewe hapo. Kilichobaki kinamalizwa na hqdn3d, kichujio kingine cha chenga ambacho ni chepesi mno ukilinganisha na nlmeans. Anza na `hqdn3d=2:1:2:3`. Ukizidisha, uso wa bibi harusi utakuwa kama nta, na mkono unaopunga utaacha kivuli nyuma yake.

La pili, tenganisha kazi. Toa taimulaini mara moja tu kwenda faili mama, bila kichujio chochote cha chenga. DNxHD (umbizo la kuhariria) ya 120 Mb kwa sekunde inakula GB 54 kwa saa, kwako ni kama GB 126. Kama nafasi hakuna, H.264 ya 50 Mb itakupa GB 53 hivi, inatosha kwa DVD. Usitumie ile nakala ya flashi, imeshabanwa. Kisha tengeneza faili la kati, saizi ya DVD, lisilopoteza kitu:

`ffmpeg -i mama.mov -vf "scale=720:576:flags=lanczos:in_color_matrix=bt709:out_color_matrix=bt601,hqdn3d=2:1:2:3,format=yuv420p" -aspect 16:9 -c:v utvideo -c:a pcm_s16le -ar 48000 kati.mkv`

Bila kubanwa kabisa, saizi hiyo ni GB 56 kwa saa. Utvideo, kibanaji kisichopoteza kitu kilichomo kwenye amri hiyo, kwa kawaida inaishusha hadi karibu nusu. Mama likae kwenye diski ya nje, kati liandikwe ya ndani. Kuanzia hapo, raundi mbili, tatu, majaribio, yote yanasoma kati.mkv, na kila kitu kizito kimeshafanyika.

BintiRangi:
Hapo kwenye bt709 kwenda bt601 msipite haraka. Video za HD zinatumia hesabu moja ya rangi na DVD inatumia nyingine. Ukiruka hilo, nyekundu ya kitenge inabadilika, kijani nacho kinabadilika, halafu mtu anailaumu kamera au TV. Programu nyingi za kuhariri zinabadili zenyewe. Ukienda na ffmpeg mwenyewe, iandike.

Na kwa kuwa chanzo chako ni 25p (fremu nzima 25 kwa sekunde), kila mahali chagua progressive (fremu nzima), usiguse upper wala lower (chaguo za video iliyogawanywa mistari). Wenye kanda za miniDV ndio wa kuangalia: fremu moja imebeba nyakati mbili, mistari witiri na mistari shufwa, na DV inaanza na ya chini. DVD inazipokea hivyo hivyo, kwa hiyo kuziunganisha kwanza ni kupoteza muda na ulaini wa mwendo kwa pamoja.

Hesabu_Kwanza:
Wote mmesema vema ila hakuna aliyegusa 6000. Mkuu, hiyo namba umeitoa wapi? DVD ya kawaida ni baiti bilioni 4.7 (Windows itakuonyesha 4.38 GB). Zidisha kwa 8: kilobiti 37,600,000. Toa asilimia 4 ya ufungaji na menyu, inabaki kama 36,100,000. Gawanya kwa sekunde.

Dakika 140 ni sekunde 8400, unapata 4297. Toa sauti ya AC3 256, inabaki 4041. Andika 4000. Kwa 6000 ulikuwa unatengeneza faili la zaidi ya GB 6, lisingeingia hata ungesali.

Sasa gawa harusi mbili: diski ya kwanza kanisani na picha za ufukweni, ya pili ukumbini. Dakika 70 kila moja ni sekunde 4200, unapata 8595, toa 256, unabaki na zaidi ya 8300. Weka 8000 raundi moja. Kwa bitireti hiyo raundi ya pili haina cha kugawa, kila tukio lina chakula cha kutosha, hata taa za disko. Umepata kasi na picha kwa mkupuo, kwa gharama ya diski moja tupu na kasha la mbili. Mimi nisingejadili zaidi ya hapo.

`ffmpeg -i ukumbini.mkv -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 8000k -maxrate:v 8000k -bf 2 -b:a 256k -threads 4 ukumbini.mpg`

-bf 2 usiisahau. Bila hiyo ffmpeg haiweki fremu za B (zinazobanwa kwa kulinganishwa na fremu jirani) kabisa, na bitireti inapotea bure.

Kamera_Tanga:
Mteja kasema diski moja, hataki wazee wahangaike kubadilisha. Vipi zile za GB 8.5?

Hesabu_Kwanza:
Hizo ni za tabaka mbili, na deki za zamani zinasumbuka nazo, nyingine hazizisomi kabisa au zinakwama kwenye kuvuka tabaka. Kwa wazee usijaribu. Kama ni moja, basi 4000 na raundi mbili, ila soma kati.mkv:

`ffmpeg -i kati.mkv -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 4000k -maxrate:v 8000k -bf 2 -an -pass 1 -y NUL`

`ffmpeg -i kati.mkv -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 4000k -maxrate:v 8000k -bf 2 -mbd rd -trellis 1 -b:a 256k -pass 2 harusi.mpg`

Raundi ya kwanza inahesabu tu, ndiyo maana inaandika NUL. mbd na trellis (kubana kwa umakini zaidi) zinachelewesha kidogo lakini kwa 4000 zinaonekana. Kwa 8000 ziache. Sheria inaruhusu kilele cha 9800, ila diski za kuchoma zikikaribia huko deki chovu zinagugumia. Ukitaka kubofya badala ya kuandika amri, programu ya HCenc ni ya bure na MPEG-2 yake ni safi sana.

Kamera_Tanga:
Imekubali, na GB zimetosha. Lakini DVDStyler (programu yangu ya menyu) nikibonyeza kuchoma inataka kurenda tena saa nzima.

mzee_wa_kodeki:
Fungua sifa za ile video ndani ya mradi, angalia umbizo upande wa video na upande wa sauti. Pote pawe Copy. Kukiwa na jina la umbizo, itaenkodi upya juu ya kazi yako, muda na ubora vyote vinaenda. Angalia pia mradi wenyewe uwe PAL (mfumo wa fremu 25), 16:9 na AC3. Ukikosea hapo Copy inakuwa haina maana. Ikishika, kilichobaki ni kufunga mafaili na kuchoma. Choma kwa 4x au 8x, usiende 16x, na kabla ya kutoa nakala za ukoo mzima jaribu ya kwanza kwenye deki ya bei rahisi kabisa unayoweza kuazima, uiruke hadi kwenye ile sehemu ya disko.