Tupeane uzoefu: siku uliyojua kwamba waliopo kwenye kava la albamu siyo walioimba

Mzee wa Kaseti
Wakuu habari. Jana kijana wangu alikuwa anaangalia stori ya Milli Vanilli, lile kundi la Rob na Fab, kwenye simu, kidonda kikatoneshwa. Ile albamu yao ya kwanza, Ulaya ilitoka 1988 kama All or Nothing, Marekani 1989 wakaipangua na kuiita Girl You Know It's True, mimi nilikuwa nayo ya kurekodiwa, utepe ukikatika naunga kwa selotepu. Hadi rasta za uzi nilisuka nifanane na Rob na Fab. Halafu Novemba 1990 tunaambiwa hawajaimba hata mstari mmoja humo ndani. Dada yangu alinicheka wiki nzima. Nani mwingine yalimkuta?

binti_santuri
Nimo. Bango lao nililichana kwa hasira, usiku nikaamka nikaligundisha 😂

Kinanda
Mnashangaa nini, Frank Farian, prodyuza wao, ndo zake. Kundi lake jingine, Boney M., mlilocheza tangu albamu ya kwanza ya 1976, Bobby Farrell anaruka jukwaani lakini ile sauti nzito studio ni ya Farian mwenyewe. Mbona hamkulia?

Mzee wa Kaseti
Boney M. walipewa tuzo ya Grammy? Hawa walipewa ya msanii mpya bora Februari 1990, mwaka haujaisha wakanyang'anywa.

Kinanda
Nyimbo tatu za albamu hiyo zilishika namba moja Marekani. Masikio yako yaliibiwa nini? Hata Julai 1989 kule Connecticut pleibeki ilipokwama ikawa inarudia maneno yaleyale, Rob akakimbia jukwaa, watu waliendelea kushangilia.

binti_santuri
Kinanda kwa ubishi 🙄 Rob alikufa 1998 ana miaka 32, na wewe unaongelea chati.

Sauti ya Pembeni
Sikutaka kuandika ila uzi umenigusa pabaya. Mimi ndo nilikuwa nyuma ya pazia. Kuna prodyuza, simtaji, alikuwa na dogo mzuri wa sura anacheza balaa, ila akifungua mdomo paka wanahama. Nikaambiwa niimbe sauti ya kumwongoza tu, dogo atakuja kuimba juu yake. Nyimbo tisa, wiki mbili, nalala kwenye kochi la studio, malipo yangu msosi. Kimya miezi. Siku niko kinyozi, nusu kichwa kimeshanyolewa, redio inapiga wimbo nasikia mtu anakohoa kabla ya kiitikio. Kile kikohozi changu!! Niliambiwa watakifuta. Kinyozi anaufuatisha wimbo, anasema huyu dogo ana sauti aisee. Nikamwambia ni mimi. Akasema sawa, geuza kichwa. Uzinduzi wa albamu nililipa kiingilio kama wengine, wachambuzi wakasifia sauti yenye maumivu ya kweli, kumbe njaa ile jamani. Na kilichonimaliza ni mama, aliinunua, akanipigia, "mwanangu kuna kijana anaimba kama wewe, ungejituma ungefika."

Mla Kona
Duh, hapo kwa mama nimeishiwa nguvu.

Kinanda
Chai hii. Weka ushahidi.

Sauti ya Pembeni
Ushahidi ningekuwa nao ningekuwa naandika humu?

Wakili wa Mtaani
Kama hukusaini kitu bado una pa kuanzia, tafuta mwanasheria wa hakimiliki, na yeyote aliyekuwepo studio siku hizo.

Mla Kona
Asithubutu, kesi itamla yeye. Arudie zile tisa kwa jina lake, na kikohozi akiweke palepale.

binti_santuri
John Davis alikuwa mmoja wa walioimba kweli kwenye ile ya Milli Vanilli, na uzeeni alikuja kupanda jukwaa moja na Fab. Mtafute huyo dogo, labda na yeye halali.

Sauti ya Pembeni
Dogo tunasalimiana vizuri tu. Kila tukikutana ananiomba nimfundishe kuimba.

Mla Kona
😂😂😂 basi mtoze

Kinanda
Mwenye uzi, hiyo kaseti bado ipo? Nainunua.

Mzee wa Kaseti
Si ulisema nalialia? Ipo, ila upande B umeliwa na redio.