Natafuta grupu la watu wanaoacha pombe, Moshi au Arusha

Fundi wa Pasua
Wakuu habarini. Nipo Moshi, Pasua, nafanya ufundi magari. Pombe imenishinda, naandika wazi sababu humu hakuna anayenijua. Ilianza bia za wikiendi ikaja konyagi, siku hizi asubuhi mikono inatetemeka mpaka nizimue ndo naweza kushika spana. Wife bado yupo ila amenyamaza, na ukimya wake unanitisha kuliko zamani alivyokuwa anagomba. Kuombewa nimeombewa, kuapa mbele ya mzee wangu nimeapa, inakaa kidogo inarudi. Nasikia kuna hizi AA (Alcoholics Anonymous), walevi wanaotaka kuacha wanakaa wanaongea. Zipo huku kwetu? Kuna kiingilio? Unalazimishwa kusimama kujieleza? Mji wenyewe ndo huu, nikionekana naingia sehemu kesho stendi nzima wanajua.

Nesi wa Njiro
Mdogo wangu pole, ila kabla ya mikutano tuongelee hiyo mikono. Mtu aliyefika hatua ya kuzimua asubuhi ASIKATE GHAFLA akiwa peke yake nyumbani. Degedege inaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, halafu kuanzia siku ya 2 mpaka ya 4 wengine wanachanganyikiwa, wanaona vitu visivyokuwepo, jasho, homa, moyo unaenda mbio, na hali hiyo inaua. Ndugu wanakimbilia kusema karogwa kumbe ni arosto ya pombe. Nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC hapo Moshi uulizie kitengo cha afya ya akili, jina la kitengo lisikutishe, waambie unakunywa nini na kiasi gani bila kupunguza hata tone. Kuna dawa za kutuliza wanazokupa na kuzishusha taratibu, na vitamini B1 juu yake. Huko huko uliza kikundi cha karibu kinakutana wapi, manesi wa kitengo ndo watu wa kuuliza.

Mzee wa Sakina
Karibu sana kijana. Mi nipo Arusha, ni mtu wa AA, pombe niliiacha humo. Nikujibu ulivyouliza. Kiingilio hakuna, ada hakuna, sharti ni moja tu uwe na hamu ya kuacha. Kapu linapita, mwenye nacho anaweka, asiye nacho anampasia mwenzake na hakuna anayemtazama. Kuongea si lazima, ukifikiwa unasema leo nasikiliza, basi. Unataja jina la kwanza tu, na yanayosemwa mle ndani yanabaki mle. Halafu jua kuna mikutano ya wazi ambayo hata mkeo anaweza kukaa, na kuna ya kufungwa ambayo ni yetu wenye tatizo peke yetu.

Ya dini usihofu. Mi Muislamu, naketi na Walutheri na Wakatoliki, hatua kumi na mbili za AA tunazofuata zinasema Mungu kama kila mtu anavyomwelewa. Kuombewa ni jambo jema, endelea, lakini kule utampata mtu anayejua asubuhi ya mikono kutetemeka ikoje maana ameipitia mwenyewe, na baadae unamchagua mmoja anakuwa sponsa wako, unampigia simu KABLA hujaingia baa.

Ila vikundi vya huku ni vidogo, sehemu na saa vinabadilika, usipande Coaster kuja Arusha bila kuuliza kwanza. Kama unaogopa kuonekana anza onlaini, tovuti ya AA ina orodha ya mikutano ya Zoom usiku na mchana, na ya Nairobi saa zao ndo zetu. Unazima kamera, unavaa hedifoni, gharama ni bando tu. Na usiseme Pasua hakuna grupu. AA yenyewe ilianza 1935 kule Akron, Marekani, dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, walevi wawili wanaongea ili wasinywe. Mpaka leo walevi wawili au watatu wakikaa kwa ajili ya kuacha wanaweza kujiita grupu. Njoo inboksi.

Binti Marangu
Mi niongelee wife. Kuna Al-Anon, ni ya ndugu wa mnywaji, ipo tangu 1951, nayo ina mikutano onlaini. Kaka yangu alipokuwa anaacha mama ndo alikuwa anaumwa kuliko yeye, halali, anahesabu chupa, anasikilizia geti. Mwambie wife ipo, ila usimsukume.

Na jingine, Desemba inakuja, watu tunarudi nyumbani. Unajua nyumbani kwetu, mzee akikunyooshea kata ya mbege, pombe yetu Wachagga, ukikataa umemdharau, na atakwambia hii ni ndizi na ulezi, ni chakula. Kaka alimtafuta shangazi mkubwa mapema akamweleza anatumia dawa na daktari amekataza, shangazi ndo akawa anamjibia kila kona, na yeye anashika soda muda wote maana mkono mtupu ndo unapewa kata.

Fundi wa Pasua
Asanteni jamani, nimesoma zaidi ya mara moja. Jumatatu naenda Mawenzi, bosi nimemwambia naumwa na si uongo. Dada nesi, mpaka hiyo Jumatatu nifanyeje, niendelee kunywa? Na mzee, hizo Zoom za Nairobi wanaongea Kingereza kitupu? Changu ni cha kuombea maji.

Nesi wa Njiro
Usikate ghafla na usiongeze, kula, kunywa maji, usilale peke yako. Ukitetemeka sana au ukianza kuona vitu usisubiri Jumatatu, nenda emajensi hata usiku wa manane, wife aende na wewe.

Mzee wa Sakina
Wanachanganya, utaelewa. Alhamisi saa mbili usiku nitakuwepo, nakutumia linki inboksi tuingie wote.