Sandøy kumezwa na Ålesund: visiwa vilipata nini?

Wadau naomba tulijadili hili, maana kila nikisema manispaa ndogo ziachwe zijitawale najibiwa eti ni mambo ya zamani. Kule Norway magharibi kulikuwa na manispaa ya visiwa inaitwa Sandøy, watu 1,200 na kidogo, ofisi zake Steinshamn kwenye kisiwa cha Harøya. Ilianza 1867, na miaka ya 1960 serikali ilipounganisha manispaa toka zaidi ya 700 zikabaki kama 450 hivi, yenyewe ikapona. Tarehe 1 Januari 2020 ndo ikafutwa, ikaingizwa manispaa ya mji wa Ålesund pamoja na manispaa za Haram, Skodje na Ørskog, jumla watu kama 66,000.

Wanaounga mkono muungano wana hoja moja nzito kwelikweli na mi siipuuzi: kisiwani kila mtu ni ndugu wa mtu, sasa mtoto anayepigwa nyumbani aende kwa nani kama afisa ustawi ni shemeji wa baba yake? Na afisa mwenyewe yuko mmoja, akiumwa kazi imelala. Sawa. Ila Norway manispaa jirani zinaruhusiwa kuwa na huduma za pamoja, afisa wa pamoja, zimamoto ya pamoja, na kila moja ikabaki na baraza lake, kwahiyo kwa nini dawa iwe kufuta baraza?

Halafu wanaleta ishu ya barabara. Ndio, Nordøyvegen ilifunguliwa 2022, madaraja na mahandaki chini ya bahari, toka Harøya mtu anaendesha mpaka bara bila kusubiri kivuko, hiyo ni baraka kubwa na nawapongeza waliohangaika miaka na miaka ipatikane. Lakini barabara inakufikisha hospitali, haikupi sauti. Mwaka 2020 watu 1,200 ndani ya 66,000 hawakufika hata 2 kwa kila 100! Zamani diwani ulikuwa unakutana naye gatini, unamwambia shule ya kisiwani isiguswe, na kura yako anaihitaji.

Na Ona je? Kile kisiwa cha Sandøy chenye mnara wa taa mwekundu, barabara haijafika, wao bado ni kivuko.

Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata. Haram ambayo haikutaka kuunganishwa toka mwanzo ilidai kutoka, Bunge likakubali 2022, na tarehe 1 Januari 2024 ikawa manispaa yake tena. Visiwa vya Sandøy vikabaki Ålesund. Sasa mtu wa Harøya akitaka kufika makao makuu ya manispaa yake kwa gari inabidi akatize manispaa ya wengine, yaani Haram, na wa Ona apande kivuko kwanza ndo aanze hiyo safari, hapo mnaniambia huduma imesogezwa kwa nani?

Wanaosema watu wachache hawawezi kujitawala waiangalie Utsira, kisiwa cha watu kama 200, manispaa toka 1924 hadi leo. Uchaguzi wa 1925 karibu baraza zima lilichaguliwa wanawake, na Aasa Helgesen akawa meya wa kwanza mwanamke Norway nzima. Kisiwa kidogo hivyo ndo kilitangulia miji yote.

Kwahiyo anayetetea muungano anijibu hili moja: watu 200 wameweza zaidi ya miaka 100, hawa 1,200 walishindwa kitu gani?