Matundu ya hewa kwenye boneti na madigadi: ya kubandika, ya kukata, au kunyanyua boneti kwa washa?

boneti_wazi
Wakuu, naomba tulinganishe. Kuna matundu ya plastiki ya kubandika kwa gundi ya pande mbili. Kuna luva za bati (matundu yenye vipande vya bati vilivyoinama) ambazo lazima boneti ikatwe. Kuna yale ya kwenye madigadi, nyuma ya tairi la mbele. Na kuna wanaoweka washa (vile viduara vya chuma vya kwenye nati) chini ya bawaba ili boneti inyanyuke kwa nyuma. Lipi linapunguza joto kweli, na lipi ni pambo? Tuchukulie gari ya petroli ya lita 2, ina tabo (pampu ya kusukumia injini hewa), rejeta ya kupozea maji mbele na feni mbili za umeme.

rejeta_safi
La kubandika ni pambo, hilo halina mjadala. Fungua boneti, tazama kwa chini: usipoona mwanga, hewa haipiti. Ukiona mwanga usishangilie bado, chomeka waya, kwa sababu mengine yana wavu mbele na ukuta wa plastiki nyuma yake. Viwanda vikubwa navyo vinafanya hivyo. Toyota GR Supra ya 2019 ilitoka na matundu kadhaa yaliyozibwa. Tofauti na hapo, yale ya ubavuni kwenye Mercedes-Benz 300 SL ya miaka ya 1950 yalikuwa ya kazi, yakitoa hewa moto ya chumba cha injini.

upepo_27
Tuanze na jinsi hewa inavyotembea, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Hewa haipiti kwenye rejeta kwa sababu tu kuna tundu mbele. Inapita kwa sababu kanieneo, yaani msukumo wa hewa, ya mbele ya rejeta ni kubwa kuliko ya nyuma yake. Kwa kilomita 100 kwa saa upepo unasukuma kwa takriban paskali 460, kwa kilomita 50 ni kama 115 tu, yaani robo. Hewa iliyoshapita rejeta isipopata njia ya kutoka, inajazana kwenye chumba cha injini na ile ya mbele inakwepa pembeni.

Kwa hiyo tundu la maana ni la KUTOLEA, na liwe mahali ambapo kanieneo ya nje iko chini. Kwenye boneti nyingi hapo ni nusu ya mbele, nyuma kidogo ya rejeta. Chini ya kioo cha mbele ni kinyume: upepo unagonga kioo na kanieneo inapanda. Ndiyo maana gari inachukulia hapo hewa ya kuingiza ndani kwa abiria.

boneti_wazi
Basi zile washa ni kazi bure?

upepo_27
Kwa mwendo mkubwa ni bure au hasara. Hewa inaweza kuingia pale badala ya kutoka, ikaongeza kanieneo nyuma ya rejeta. Tena mvuke wa mafuta na harufu ya injini vinaweza kuvutwa na feni ya AC hadi ndani.

SpanaKumi
Hapo sikubaliani moja kwa moja, mkuu. Gari ikisimama hakuna upepo wa kioo, na hewa moto hupanda yenyewe. Kwenye foleni ule uwazi wa nyuma unatoa joto la tabo, na waya na plastiki vinapona kidogo. Ila sitetei washa: boneti inakaa vibaya kwenye loki na mpira wa kuziba wa nyuma unakosa kazi.

upepo_27
Kwenye foleni nakubali. Lakini hilo ni joto la chumba cha injini. Maji ya rejeta ni habari nyingine.

geji_haidanganyi
Na hii tofauti ndiyo jibu la swali lote. Joto la kulanti (maji ya kupozea injini) linashikwa na thamostati, vali inayofunguka na kujifunga kufuata joto. Kama inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 au 88, hata ukate boneti nzima geji ya joto haitashuka chini ya hapo gari ikiwa nzima, thamostati itajifunga tu. Tundu la kweli litaonekana kwenye geji iwapo tatizo lilikuwa hewa kutotoka nyuma ya rejeta, yaani mzigo mkubwa, mlima mrefu au mbio za uwanjani. Kwenye matumizi ya kawaida faida yake ni kwa vitu vya juu: alteneta, koili, mipira, hewa inayovutwa na injini.

Mdomo wa kuingiza hewa ni kitu kingine kabisa. Ule wa Subaru WRX unalisha intakula, kipoza kilichokaa juu ya injini kinachopoza hewa inayotoka kwenye tabo. Ukibandika mfano wake kwenye gari isiyo na intakula juu, haupozi chochote. Ukiutoboa ndiyo mbaya zaidi: unaongeza hewa kwenye chumba ambacho tayari kinashindwa kuitoa.

boneti_wazi
Kabla ya kukata, nitajuaje kwamba pale nilipochagua hewa itatoka?

upepo_27
Pima kwa maji. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha, wa milimita 4 hadi 6. Upinde kwa umbo la U kwenye ubao wenye rula, tia maji yenye rangi. Ncha moja ipeleke chumba cha injini nyuma ya rejeta, mbali na upepo wa feni. Nyingine ibandike kwa tepu juu ya boneti, mdomo wake usitazame upepo. Anayesoma awe abiria, si dereva. Maji yakipanda upande wa mpira wa boneti, kanieneo ya nje ni ndogo na hewa itatoka hapo. Milimita 10 za tofauti ya maji ni karibu paskali 98. Hamisha ncha sentimita 10 kila mara, kwa mwendo uleule. Ukipata sifuri au maji yakapanda upande wa injini, usikate hapo.

BatiNene
Ukishapata mahali, ubavu wa chini wa boneti usiuguse. Ile fremu ndiyo inayoifanya isipepesuke kwa mwendo na ikunjike inavyotakiwa gari ikigonga. Chora kwa chini kwanza, toboa pembe kwa drili ya milimita 3, hakiki juu, kisha kata kwa msumeno wa umeme wenye meno madogo, tepu ikiwa imebandikwa juu ya rangi. Piga tupa, paka praima ya zinki kwenye bati tupu SIKU HIYOHIYO. Kutu ya boneti zilizokatwa huanzia kwenye ukingo. Funga luva kwa ribiti za milimita 4, kila sentimita 5, na silanti chini yake.

Luva zitazame nyuma. Kama ni tundu la wazi, kimdomo cha milimita 10 hadi 15 kwenye ukingo wa mbele kinasaidia kuvuta hewa.

SpanaKumi
Na mvua! Angalia kilicho chini ya tundu. Maji yakiingia kwenye visima vya plagi, gari itamisi, yaani moto wa plagi utakosa. Weka sinia ya bati ya kuyapeleka pembeni, na vifuniko vya kuziba matundu gari ikilala nje.

geji_haidanganyi
Kama gari inachemsha, acha boneti kwanza. Ikichemsha imesimama na kupoa ikitembea, kagua feni, relei, na ganda la plastiki linalozunguka feni. Ikichemsha kwa kasi au mlimani, tazama uchafu kati ya kondensa ya AC (kipoza cha AC kilicho mbele ya rejeta) na rejeta (hauonekani kwa mbele), sponji za pembeni za rejeta, na plastiki ya chini ya bampa. Wengi wanaing'oa wakidhani inazuia hewa, kumbe inasaidia kuivuta itoke kwa chini.

Kisha pima joto la mpira wa maji wa juu na wa chini wa rejeta thamostati ikiwa wazi. Tofauti kubwa sana maana yake maji yanatembea polepole: rejeta imeziba ndani, wota pampu imekula mapezi, au mpira wa chini unanywea. Tofauti ndogo huku geji inapanda, hewa ndiyo haitoshi. Hapo peke yake ndipo luva zinaingia kwenye mazungumzo.

rejeta_safi
Ongeza kifuniko cha rejeta. Kilichoandikwa 1.1 kinaweka maji kwenye kanieneo ya ziada ya ba 1.1, na maji matupu hayachemki hadi yapite nyuzi 120. Springi ikichoka yanachemka mapema hata hewa ikiwa tele.

boneti_wazi
Na ya madigadi?

upepo_27
Yanafanya kazi yakiwa na njia wazi kutoka chumba cha injini. Kwenye gari nyingi katikati kuna plastiki ya kukinga matope, na ukiitoboa bila wavu na kikinga, tairi linarusha mawe na maji ndani. Pima kwa mpira uleule kwanza.