MJADALA: Fedha za malisho ya ng'ombe wa maziwa Dodoma ziende kwenye mabua au kwenye hei?

Mleta mada (Chamwino):
Wakuu, heshima kwenu. Hoja ni hii: fedha za halmashauri na za vikundi vya wafugaji zinunue mashine za kukata mabua, au zianzishe mashamba ya nyasi na maghala ya hei, yaani nyasi zilizokatwa na kukaushwa? Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kisha miezi saba mikavu. Mimi nasimama na hei.

Tupige hesabu. Ng'ombe chotara wa maziwa wa kilo 400 anahitaji karibu megajuli 45 za nishati kwa siku ili aishi tu. Kila lita ya maziwa inadai takribani 5 juu ya hizo. Mabua makavu ya mahindi yana kama megajuli 6.5 kwa kilo, na kwa ugumu wake hatakula zaidi ya kilo 8, jumla 52. Zinabaki 7, yaani lita moja na nusu. Hei ya senkrasi (aina ya nyasi za malisho) iliyokatwa inapoanza kuchanua ina kama 8.5, naye atakula kilo 9. Zinabaki 31: lita sita. Ng'ombe ni yuleyule.

Mkulima wa mtama (Kongwa):
Hesabu siipingi, ndugu. Napinga ardhi. Kilo 10 kwa siku pamoja na upotevu, kwa siku 210, ni tani 2.1 kwa ng'ombe mmoja. Hata hekta ikitoa tani 3 za nyasi kavu, ng'ombe watatu wanataka hekta mbili na zaidi. Mwenye ekari tatu za mtama wa chakula azitoe wapi? Mabua yapo shambani tayari, na mengi huliwa na mifugo ya kupita au kuchomwa moto.

Mtaalamu wa lishe (Mpwapwa):
Mkulima ana hoja, ila mabua asiyalishe yalivyo. Protini yake ni asilimia 3 hadi 5, na chini ya 7 vijidudu vya tumboni hudhoofika. Chakula kinakaa tumboni muda mrefu, ng'ombe anaonekana ameshiba na maziwa yanashuka. Isitoshe, kumeng'enya nyuzi ngumu huzalisha joto mwilini, na mwezi wa kumi na wa kumi na moja jua letu halimsaidii. Malisho magumu apewe jioni na usiku.

Dawa ya mabua ni urea, ile mbolea ya chembe nyeupe. Kata vipande vya sentimita 2 hadi 5. Ukisaga kama unga hatacheua vya kutosha na mafuta ya maziwa yatapungua. Kwa kilo 100 za mabua makavu, yeyusha kilo 4 za urea kwenye lita 50 za maji hadi chembe zote ziishe. Tandaza tabaka, nyunyiza, kanyaga, rudia. Funika kwa plastiki isiyo na tundu, siku 21. Ukifungua, yaache yapigwe na hewa usiku mzima kabla ya kulisha. Yakitoka vizuri, nishati hupanda hadi kama megajuli 7.5 kwa kilo na ng'ombe hula zaidi. Kwa kilo 9 unafika karibu lita nne na nusu.

Mfugaji (Ihumwa):
Nawaomba wanaofundisha urea wafundishe na hatari yake kwa uzito uleule. Plastiki ikitoboka, amonia inatoroka na mabua yanaota ukungu. Urea isipoyeyuka, ng'ombe analamba chembe, anatetemeka, anatoa povu, tumbo linajaa gesi, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Siki na maji baridi mengi ya kunywesha viwe karibu, na daktari wa mifugo aitwe mara moja. Ndama wa chini ya miezi sita asipewe kabisa. Wengine wanafidia mabua mabovu kwa kujaza pumba: zikizidi nusu ya chakula, tumbo linakuwa na tindikali na ng'ombe anakataa kula.

Mkulima wa mtama (Kongwa):
Sawa mama, nimekuelewa. Niongeze la machipukizi ya mtama baada ya mavuno: yakiwa machanga au yamenyauka kwa jua yana sumu ya sianidi. Ng'ombe wenye njaa wasiingizwe humo. Tena tusibebe mabua yote, udongo utabaki uchi. Majani na sehemu ya juu ndiyo yenye lishe. Shina la chini libaki shambani.

Mleta mada (Chamwino):
Hapo nakubali, ila hei sijaiacha. Nyasi za kando ya mashamba na za maeneo ya kijiji yaliyotengwa zinaweza kukatwa mwezi wa tatu au wa nne. Sanduku la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45, lisilo na kitako wala kifuniko, hutoa robota la kama kilo 20. Hakuna mashine ya kununua hapo.

Mtaalamu wa lishe (Mpwapwa):
Basi fedha zianze na ghala. Hei ikiachwa juani inageuka nyeupe na majani yanapukutika; mvua ya Desemba ikiipata, inaoza. Mabua nayo ni hivyohivyo. Bati juu, magogo chini, pande mbili wazi hewa ipite. Mwenye ng'ombe kadhaa awape hei wale waliozaa karibuni, na mabua ya urea yaende kwa aliyekaushwa (aliyeachwa kukamuliwa) na mitamba. Kila anayekamuliwa aongezewe kilo moja ya mashudu ya alizeti, maana hayo Dodoma tunayo.

Mfugaji (Ihumwa):
Na lukina, mti wa malisho, ipandwe kwenye mpaka wa ua, isizidi theluthi ya chakula cha ng'ombe.