Kikorea na Kiesperanto: je, wepesi wake ni wa aina moja?

Mpendalugha

Salaam ndugu zangu. Nimejifunza Kiesperanto kwa muda wa miezi saba, na sasa ninaweza kusoma makala ya kawaida bila kufungua kamusi kila mstari. Ninakusudia kuanza Kikorea. Mtu mmoja ninayemheshimu ameniambia kwamba nitakiona chepesi vilevile, kwa kuwa nacho kilitungwa na mtu mmoja, mfalme, kama Kiesperanto kilivyotungwa na daktari Zamenhof, na kwamba iliandikwa tangu zamani kuwa mwenye akili hukijua kabla ya asubuhi kwisha. Nimekaa na kauli hiyo siku kadhaa nisijue niipokee vipi. Je, lugha hizi zinalingana kweli? Na niliyojifunza katika Kiesperanto yatanifaa huko niendako?

Msomaherufi

Ndugu Mpendalugha, aliyekushauri amechanganya lugha na maandishi yake. Mfalme Sejong hakutunga Kikorea. Watu walikuwa wakikisema karne nyingi kabla yake, ila waliojua kuandika walitegemea herufi za Kichina, ambazo hazikuumbwa kwa ajili ya lugha yenye viambishi vingi namna ile. Alichokitunga mwaka 1443, na kukitangaza rasmi mwaka 1446, ni herufi 28 ambazo leo huitwa Hangul. Nne zimeachwa, zimebaki 24. Zamenhof alifanya kinyume chake: alipochapisha kitabu chake cha kwanza mjini Warsaw mwaka 1887, herufi za Kilatini alizikuta tayari, akaziwekea alama sita kati yake, na jasho lake lote likaenda kwenye lugha yenyewe. Alfabeti yake nayo ina herufi 28, lakini huko ni kukutana kwa bahati tu.

Kauli ya asubuhi moja imo kweli katika maelezo yaliyoandikwa mwaka 1446, ambayo huongeza kwamba hata asiye mwepesi wa kuelewa atajifunza kwa siku kumi. Hata hivyo, inahusu herufi, na kwa herufi ninaikubali kabisa. Herufi ㄴ, yenye sauti ya n, ni mchoro wa ulimi ambao ncha yake imegusa ufizi wa juu. ㄱ, yenye sauti ya g, ni shina la ulimi lililoinuka kuziba koo. Tamka n polepole, usikie ulimi wako ulivyokaa, kisha uitazame herufi hiyo tena. Sijaona maandishi mengine yanayomwonyesha msomaji mahali pa kuuweka ulimi.

Tahadhari moja tu: katika Kiesperanto unachokiona ndicho unachokitamka, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama ilivyo kwetu, ilhali katika Kikorea sauti zinazokutana hubadilishana. Neno lenye maana ya uhuru wa nchi huandikwa "dok" na "rip", lakini hutamkwa "dongnip". Mabadiliko ya namna hii si mageni kwako, maana kwetu ulimi mmoja ukizidi huwa ndimi. Tofauti ni kwamba sisi huandika sauti iliyokwisha kubadilika, nao huhifadhi umbo la asili ili jicho lilitambue neno.

Mzizi na Tamati

Ninaongezea upande wa sarufi, kwa sababu ndiko ambako miezi yako saba itakulipa. Chukua sentensi "Mbwa anamuuma paka." Ukigeuza mpangilio, "Paka anamuuma mbwa," maana imegeuka, kwa kuwa katika Kiswahili majina yote mawili hupatanishwa sawa na ni nafasi inayotuambia nani kafanya na nani kafanyiwa. Kiesperanto husema "La hundo mordas la katon", na ukitaka useme "La katon mordas la hundo", bado paka ndiye anayeumia, kwa sababu ya ile n ya mwisho. Kikorea nacho husema "gaega goyangireul munda" au "goyangireul gaega munda", na ile "reul" iliyofuata jina la paka hufanya kazi ileile ya n. Aliyekwisha kuizoea n hiyo, ambayo wanafunzi wengi huilalamikia, ameshavuka mto mmoja kabla hajaufikia. Jambo jipya ni kwamba katika Kikorea kitenzi hubaki mwisho, hata sentensi iwe ndefu kiasi gani.

Ujenzi wa maneno nao una undugu, kwani zote mbili hubandika viambishi kwenye mzizi. Kiesperanto hubandika pande zote: "fermi" ni kufunga na "malfermi" ni kufungua, mgonjwa ni "malsanulo", na ukiongeza kiambishi cha mahali unapata "malsanulejo", yaani hospitali. Kitenzi cha Kikorea hubandika karibu kila kitu nyuma, ambapo sisi hutanguliza mtenda, wakati na mtendwa.

Kinachotofautiana ni uaminifu wa kanuni. Vitenzi vya Kiesperanto havina hata kimoja kinachokiuka: -is ni wakati uliopita, basi. Katika Kikorea, "batda" (kupokea) huwa "badayo", lakini "deutda" (kusikia), chenye konsonanti ileile mwishoni mwa mzizi, huwa "deureoyo". Hesabu nazo ni mbili, moja ya asili na moja yenye chimbuko la Kichina: watu watatu ni "se myeong", dakika tatu ni "sam bun", wakati Kiesperanto kina "tri" pekee. Hakuna aliyeketi kuyapanga hayo. Yametokana na vinywa vya watu wengi kwa miaka mingi, na ndiyo maana sikubali watu wanaposema Kikorea kina mpangilio mbovu. Mpangilio upo, ila hujifunzwa kwa kusikiliza zaidi kuliko kwa kukariri.

Sikio la Tatu

Wenzangu wamesema vyema, ila naona jambo zito zaidi halijaguswa. Kiesperanto kina "vi" kwa kila unayezungumza naye, awe mtoto au rais, na hilo lilikusudiwa lifae watu wasiojuana. Kikorea hakikuruhusu useme kitenzi kabla hujaamua mambo mawili: unasema na nani, na unamsema nani. Ukimweleza rafiki yako kwamba mwenzenu alikwenda, ni "gasseo". Ukimweleza usiyemzoea, ni "gasseoyo". Ukimweleza rafiki huyohuyo kwamba bibi alikwenda, ni "gasyeosseo": mwisho wa neno umebaki wa kirafiki, lakini ndani yake imeingia heshima ya bibi. Katika Kiesperanto yote matatu ni "iris". Hapo miezi saba ya Kiesperanto haitakusaidia, na ninakuomba usiyaache hayo yawe somo la baadaye.

Mpendalugha

Ninawashukuru sana. Sasa nimeelewa kwamba herufi ni jambo moja na lugha ni jambo jingine. Usiku wa jana nilijifunza Hangul, na kwa kweli zilikaa kichwani mapema kuliko nilivyotarajia. Nimejaribu sentensi moja, "Bibi alilala," kwa lugha zote mbili: "La avino dormis" na "Halmeoniga jasseoyo". Je, niko sawa?

Sikio la Tatu

Ile ya Kiesperanto haina pa kuguswa. Ya Kikorea inaeleweka, na miisho umeipata, ila bibi hajapewa haki yake. Kwa mtu wa kuheshimiwa kitenzi chenyewe hubadilika, kutoka "jada" kwenda "jumusida", na ile "ga" inayoonyesha mtenda huwa "kkeseo". Andika "Halmeonikkeseo jumusyeosseoyo", kisha uisome kwa sauti mara kadhaa, bila kuikata kwenye silabi.